Mwongozo kamili: jinsi ya kuandika daftari la kitandani kwa mgonjwa aliye ICU, mpaka siku ya kumkabidhi

Daftari la kitandani ni daftari la kawaida kabisa ambalo ndugu, na manesi wakipata nafasi, wanaandika kila siku wakati mgonjwa amelala ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) hajitambui, ili akija kuamka na kupata nguvu asome ajue zile siku zilienda wapi. Ni hivyo tu. Ila watu wengi wanaanza vizuri alafu siku ya tatu limekufa, au limegeuka daftari la michango, au limejaa namba za monita ambazo hakuna atakayezisoma, au mgonjwa kakabidhiwa siku anaruhusiwa, akalisoma usiku peke yake, hakulala mpaka asubuhi. Makosa ni yaleyale kila mara, ndo maana naenda hatua kwa hatua na sababu zake.

## Kwanza elewa linafanya kazi gani

Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia anapewa dawa za usingizi na za maumivu. Ubongo hauzimiki wote. Anasikia nusu, anahisi nusu, kilichobaki anajijazia mwenyewe, na homa, dawa na kukosa usingizi wa kweli vinamsaidia kujaza vibaya. Kuchanganyikiwa ICU ni jambo la kawaida sana, kwa wanaopumuliwa na mashine kuna tafiti zimekuta mpaka 8 kati ya 10.

Nesi anaingiza mrija kunyonya makohozi, yeye anakuja kukumbuka nyoka akiingia kooni. Mikono imefungwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda asichomoe mipira, yaani mirija aliyowekewa, yeye anakumbuka alitekwa. Amesukumwa kwenye machela kwenda kupigwa picha ya kichwa, yeye anakumbuka alipakiwa kwenye buti la gari. Na kumbukumbu hizo zinakaa wazi kuliko za kweli. Mtu anarudi nyumbani anamwogopa binti yake mwenyewe kwa sababu "alimwona" akipokea hela ili yeye auzwe, na hamwambii mtu, anaogopa ataambiwa amerukwa na akili au amerogwa.

Daftari linampa pa kulinganishia. Nilikumbuka nimefungwa, kumbe kweli nilifungwa, na sababu ni hii, na binti yangu alikuwa amesimama pale amenishika mkono.

Niseme pia lisichofanya. Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa hospitali 12 katika nchi 6 za Ulaya, wagonjwa 352, na waliopewa daftari walipata ugonjwa wa kiwewe (PTSD, hofu na ndoto mbaya zinazobaki baada ya jambo la kutisha) asilimia 5 wakati wenzao walikuwa asilimia 13. Mwaka 2019 ukatoka mwingine mkubwa wa Ufaransa, ICU 35, ambao haukuona tofauti ya maana. Kwaiyo msiuziane kama dawa. Mi bado nasema liandikeni, kwa sababu mgonjwa ana haki ya kujua kilichompata, na kwa sababu ndugu anayekaa benchi wiki nzima hana la kufanya anapata kazi ya mikono yake.

## Vitu vya kuandaa

- Kaunta buku la kwaya 2, jalada gumu. Karatasi moja moja zinapotea, na daftari la waya pembeni halifutiki vizuri.
- Kava ngumu ya nailoni, livalishwe lote.
- Kalamu mbili za biki, zinakaa na daftari, haziondoki. Penseli hapana, inafutika.
- Mfuko wa plastiki wenye zipu, daftari liingie lote.
- Bahasha kubwa ya kaki ya picha, kadi na michoro ya watoto.
- Kitakasa mikono.
- Simu ya mtu mmoja, narudia, mmoja.

Usisubiri daftari zuri lenye maua. Anza leo na lililopo dukani mbele ya hospitali.

## Hatua ya 1: Ongea na inchaji (nesi msimamizi) wa ICU

Usianze kwa kificho. Nesi akikuona unaandika andika kitandani bila kusema anajua unakusanya ushahidi, na kuanzia hapo kila mtu anaongea na wewe kwa tahadhari. Sema waziwazi: "Sista, tunaomba kumwekea mzee wetu daftari la kumbukumbu, tutaandika maneno ya kawaida, siyo mambo ya matibabu, na nyie mkipata nafasi mnaweza kuandika hata mstari mmoja. Mnaruhusu likae wapi?"

Uliza pia masharti ya usafi na uyafuate bila ubishi. ICU ina bakteria sugu, wale ambao dawa nyingi haziwaui, na daftari linaloshikwa na watu kumi ni njia nzuri ya kuwasafirisha. Nawa kabla ya kulishika na baada ya kuliweka. Lisiwekwe juu ya shuka wala miguuni kwa mgonjwa. Kava ifutwe kila siku kwa dawa watakayokuelekeza. Na usilambe kidole kufungua ukurasa, najua ni mazoea, acha.

Mgonjwa akiwa chumba cha kutengwa, labda TB au ugonjwa mwingine wa kuambukiza, daftari halingii ndani kabisa. Linakaa nje, unatoka, unavua gauni, unanawa, ndo unaandika.

Wakikataa? Siyo mwisho. Kaa nalo benchi la nje na uandike ukishatoka kumwona. Hospitali nyingi zetu ndugu anaingia dakika chache tu, mmoja mmoja, kwaiyo hata pale palipo na ruhusa maandishi mengi yataandikiwa nje.

Utajua umefika pazuri pale nesi mwenyewe anapokuonyesha sehemu ya kuliweka, droo au ndoano ya ukutani, na nesi wa zamu inayofuata analijua bila wewe kueleza upya.

## Hatua ya 2: Chagueni mtunza daftari mmoja

Hapa ndo mengi yanafia. Likiwa la wote linakuwa la hakuna mtu. Mchague anayefika hospitali mara nyingi, mwenye moyo wa kutulia, anayejua kunyamaza. Siyo lazima awe mkubwa wa familia wala msomi wa familia. Mara nyingi ni yule binti au shangazi ambaye hata vikao vya ukoo haongei sana.

Kazi yake ni tatu: aandike kila siku hata mistari mitano, akusanye ya wengine, na azuie yasiyotakiwa. Ndugu wa mikoani na walio Oman au Ulaya wamtumie ujumbe wa sauti WhatsApp, yeye asikilize na kuandika kama walivyosema, na jina la uhusiano: "Mjomba yako amesema hivi." Bibi asiyejua kuandika aseme, mtunza aandike, kwa kilugha kama ndivyo wanavyoongea wawili hao. Usimgeuzie bibi Kihaya chake kuwa Kiswahili cha barua ya ofisini, mgonjwa akisoma anataka kusikia sauti ya bibi.

Mtunza apate na wa kumpokea. Akiumwa au akichoka siku mbili, mwenzake anashika.

## Hatua ya 3: Ukurasa wa kwanza, huyu mtu ni nani

Kabla ya ugonjwa wowote, andika mtu. Manesi wanapokea mwili wenye mipira, hawajui kwamba huyu mzee ukimwita jina la kwenye kadi hageuki, ukimwita Mwalimu anafungua macho. Andika:

Anapenda kuitwa nani. Anaongea lugha gani akichoka au akishtuka, maana aliyechanganyikiwa mara nyingi anarudi kwenye kilugha na nesi anaweza kudhani anaropoka. Anavaa miwani? Sikio lipi halisikii vizuri? Anatumia mkono wa kushoto? Hili la miwani na masikio siyo dogo, mtu asiyeona wala kusikia vizuri anachanganyikiwa zaidi, kwaiyo ukishaliandika leta na miwani yenyewe. Anasali saa ngapi. Redio gani asubuhi. Simba au Yanga. Anaogopa nini, labda giza, labda sindano.

Usiandike namba ya bima, namba ya simu, jina la ugonjwa wala majibu ya vipimo. Na hali ya VVU, mimba kuharibika, kunywa sumu, pombe, hayo hayaingii humu hata kwa mafumbo. Daftari linasomwa na kila anayepita. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana ya kwao ya 2019, ila hata bila sheria fikiria shemeji anafungua ukurasa na kukutana na siri ambayo mgonjwa hakumwambia hata mke wake.

Nyuma ya jalada andika masharti kwa herufi kubwa ili mtunza asigombane na kila mtu: andika tarehe na wewe ni nani, mwandikie yeye, usiandike siri, hela wala ugomvi, usipige picha kurasa.

Ukurasa huu umefaulu pale nesi ambaye hamjawahi kuonana anapomwita mgonjwa wako kwa jina la nyumbani.

## Hatua ya 4: Andika kilichotokea kabla

Pengo la kumbukumbu halianzi mlango wa ICU, linaanza mapema, wakati mwingine siku mbili tatu kabla. Kwaiyo ukurasa wa pili ni wa safari: mara ya mwisho mmeongea naye vizuri ilikuwa lini, alisema nini, nani alimkuta amedondoka, gari gani ilimbeba, alipita hospitali gani, nani alisaini.

Andika kwa lugha ya nyumbani. "Ulianza kuhema haraka usiku wa Alhamisi, ukakataa kwenda hospitali, ukasema kesho. Alfajiri mama akaona midomo imebadilika rangi akapiga kelele, jirani wa duka akatoa gari lake." Hapo panatosha. Usimlaumu kwamba alikataa, na usimlaumu aliyechelewa. Sababu ya kitabibu muulize daktari akwambie kwa maneno mepesi, na ukiandika andika kifupi: mapafu yalijaa maji, ikabidi mashine ikusaidie.

## Hatua ya 5: Maandishi ya kila siku

Hii ndo kazi yenyewe, nitakaa hapa muda mrefu kidogo.

Mwandikie yeye. Siyo "mgonjwa ameamka", ni "umefungua macho". Ukishaanza na "baba shikamoo" kalamu inajua pa kwenda.

Angalia hili, ndo ninaloliona mara nyingi zaidi:

"Presha 90 kwa 60, oksijeni 88. Hali si nzuri. Mungu tusaidie. Tumelipa laki tatu, bado dawa."

Mtu akilisoma hili baada ya miezi mitatu anapata nini? Namba hazielewi, hofu yako anaipokea upya, na anaongezewa deni. Hamna sehemu yeye yupo.

Sasa soma hili, siku ileile mgonjwa yuleyule:

"Jumanne tarehe 14, saa 10 jioni. Baba shikamoo, ni mimi mwanao wa pili. Umelala chali, kichwa kimeinuliwa kidogo. Una mpira mdomoni unaoenda kwenye mashine ya kupumulia, ndo maana huwezi kuongea hata ukitaka. Mikono yako wameifunga bandeji laini kwenye chuma cha kitanda kwa sababu jana usiku uliushika ule mpira ukataka kuuvuta. Nilipoingia nesi akafungua wa kulia nikaushika, ulikuwa wa baridi, nikausugua mpaka ukapata joto. Kushoto kwako kuna mashine inalia ti ti ti kila dawa ikikaribia kuisha. Walipokunyonya makohozi ulikohoa sana na machozi yakatoka, nesi akakwambia samahani mzee, namaliza. Leo presha ilishuka na madaktari walikuja mara mbili, mimi niliogopa, jioni ikapanda. Mama mguu wake bado unauma hajaweza kuja, anasema ule mti wa embe umeanza kudondosha. Yanga wametoka sare."

Umeona vilivyomo? Mpira, kufungwa, kunyonywa, sauti, baridi ya mkono. Hivyo ndo vitu vinavyogeuka ndoto mbaya baadaye, kwaiyo kila kimoja kitaje na sababu yake. Ukiwa umesimama pale jiulize yeye anasikia nini, ananusa nini, nani anamgusa, taa inazimwa saa ngapi, kitanda kinatazama dirisha au ukuta. Kuna harufu ya dawa ya kufutia sakafu? Iandike. Kuna mgonjwa jirani anapiga kelele usiku? Andika "kuna kelele za watu usiku", basi, bila kumtaja mwenzako wala shida yake.

Sema ukweli, hata siku mbaya. Daftari lenye siku nzuri tupu atalitilia shaka, na kumbukumbu zake zitashinda. Ila ukweli una kipimo. "Leo tuliogopa" inatosha, huhitaji kueleza jinsi mlivyoanza kuulizana nani atasafirisha.

Andika anachofanya yeye. Amekunja kidole, amekunja uso, ameuma mpira, amefungua macho akakuangalia kisha akalala. Akiwa anaropoka au anamfukuza nesi, liandike pia, kwa heshima: "Leo ulikuwa na hofu, ulisema kuna watu juu ya dari. Nilikaa na wewe nikakwambia uko hospitali." Usiandike maneno ya aibu aliyoyatoa, yeye siyo yeye siku hizo.

Dua na sala, mstari mmoja ni mzuri na wengi wanaupenda. Kurasa nne za aya zilizonakiliwa zinalizika lile alilohitaji kulijua. Na tafadhali daftari lisiwe mahali pa kuombana msamaha ya miaka kumi nyuma wala kuungama, mtu hawezi kukujibu, na akija kuyasoma dhaifu atakuwa amebeba mzigo wako juu ya wake.

Malalamiko kuhusu huduma hayaingii pia. Yana mahali pake, nenda kwa inchaji, kwa uongozi, andika barua. Ukichanganya, manesi wanaacha kuandika, na mgonjwa anabaki na picha kwamba alikuwa mikononi mwa maadui, ambayo ndo ileile ndoto unayotaka kuiondoa.

Siku ambazo hakuna jipya ndo zinaua daftari. Unafika, yuko vilevile, unaona huna la kuandika. Andika hayohayo: "Leo hakuna kilichobadilika, wamekugeuza upande wa kulia, wamekunyoa ndevu, nje joto kali." Yeye hata hajui kwamba kulikuwa na siku za kukaa tu bila jipya. Mtu anayerudi nyumbani anashangaa kwa nini hawezi kupanda ngazi, akiona kurasa nyingi za "leo vilevile" ndo anaelewa mwili ulilala muda gani.

Utajua inaenda vizuri ukiona hakuna pengo la zaidi ya siku mbili, mwandiko ni wa watu tofauti, na ukifungua ukurasa wowote mgeni asiyemjua mgonjwa anaweza kuona chumba kile.

## Hatua ya 6: Picha, kwa uangalifu mkubwa

Picha zinasaidia, mtu anaona mwenyewe ile mashine na ile mipira. Lakini aliyelala hawezi kukupa ruhusa. Kama inchaji anakataza simu ndani, hapo yameisha, usiibie.

Akiruhusu: simu moja, picha chache, asionekane mgonjwa mwingine wala nesi asiyekubali, mgonjwa wako afunikwe vizuri. Isiende kwenye grupu la familia, isiwe status. Hili nalisema kwa uchungu, kuna watu wamejiona kwenye simu ya mtoto wa jirani, mdomo wazi na mipira, kabla hata hawajajua kuwa waliugua. Safisha picha, zitie kwenye bahasha, ifunge, andika juu: "Fungua ukitaka mwenyewe." Akisema hataki kuziona, zinafutwa kwenye simu na yeye anaona zikifutwa.

Michoro ya watoto wa nyumbani haina masharti hayo. Weka mingi.

## Hatua ya 7: Maandishi ya manesi

Hapa naongea na wauguzi wenzangu zaidi. Najua zamu ilivyo, nesi mmoja wagonjwa watatu, hamna anayekuomba insha. Mistari miwili siku za mambo makubwa: kuwekewa mpira, kwenda theatre, kutolewa mpira, kukalishwa kwenye kiti mara ya kwanza, usiku wa kuchanganyikiwa. Usiku hasa, kwa sababu ndugu hawapo na ndo ndoto nyingi zinapotokea.

Andika kama unaongea naye. "Usiku huu ulikuwa na homa, nikakufuta na kitambaa cha maji, ukatulia." Hakuna dozi, hakuna vifupisho, hakuna majibu ya maabara, hayo yapo kwenye faili na faili ndo rekodi. Saini jina moja na zamu. Na usiahidi, usiseme "utapona kesho".

Mkishaanza utaona kitu: nesi anayemwandikia mgonjwa anaanza pia kuongea naye wakati wa kumgeuza.

## Hatua ya 8: Siku ya kutoka ICU

Daftari nyingi zinapotea hapa, kwenye kuhama. Mgonjwa anasukumwa wodini, mifuko inabebwa na watu watatu, jioni hakuna anayejua liko wapi. Siku hiyo mtunza alishike mkononi yeye mwenyewe, alifute kava, mfuko wa zipu utupwe na uje mpya.

Usilifunge bado. Wodini watu wengi bado wanachanganyikiwa siku kadhaa, na kuhama kwenyewe kunatisha: kule kulikuwa na nesi karibu saa zote, huku unaita haji. Endelea mpaka aruhusiwe, kisha andika ukurasa wa mwisho: ulitoka lini, ulikuwa unaweza nini na huwezi nini.

## Hatua ya 9: Kumkabidhi

Usimpe akiwa wodini eti kumfurahisha. Usimpe siku ya kuruhusiwa. Subiri mpaka anajua leo siku gani, analala usiku, anafuata maongezi mpaka mwisho. Kwa wengi ni wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani, na kuna ambao ni baada ya miezi. Dalili nzuri ya wakati ni akianza kuuliza mwenyewe, "hivi nililala siku ngapi?"

Mwambie lipo. "Mama, tulikuandikia daftari ulipokuwa umelala, ninalo, ukilitaka niambie." Alafu nyamaza. Akisema hapana, ni hapana, usimuulize kila wiki.

Akikubali, someni mchana, mmekaa, na mtu aliyekuwepo siku zile ili ajibu maswali. Ukurasa au viwili, siyo lote. Mwache aseme alichokumbuka yeye hata kama ni cha ajabu, usicheke, usimkatishe kwa "hapana haikuwa hivyo". Sikiliza kwanza, ndo mtafute ukurasa wa siku hiyo. Mpe kalamu, zile kurasa tupu za mwisho ni zake aandike ya upande wake.

Kama ana kliniki ya marudio, nendeni nalo, mwombeni nesi au daktari aeleze yale msiyoyaelewa.

Simamisha ukiona anatoka jasho, anatetemeka, moyo unakimbia, au usiku huo ndoto zimerudi kwa nguvu. Na kama ndoto haziishi, anakwepa chochote kinachomkumbusha hospitali mpaka dawa za presha ameacha, amejitenga, au anaongea habari za kutaka kufa, hapo daftari limeshafika mwisho wa uwezo wake. Mpelekeni kitengo cha afya ya akili siku hiyohiyo, hospitali za rufaa nyingi wanacho, Muhimbili wapo, Mirembe Dodoma, Mathari kwa walio Nairobi. Na hata nyie ndugu, mkiona hamlali miezi baada ya yeye kurudi, nendeni, ICU inawaumiza na waliokaa nje.

## Hatua ya 10: Akifariki

Inatokea, na ICU inatokea mara nyingi. Daftari linakuwa la familia. Usilipeleke msibani watu wazungushiane. Mtunza alihifadhi, amwambie mjane, mgane au mzazi kwamba lipo, basi. Wengine wanalitaka siku ileile, wengine baada ya arobaini, mwanamke aliye edani huenda akalitaka zikishaisha zile miezi minne na siku kumi, au asilitake kabisa. Kuna wanaotaka kulichoma, ni lao. Mi naomba kitu kimoja tu, lisiharibiwe wiki ya kwanza, kwa sababu watoto waliozuiwa kuingia ICU huja kuuliza baba alikuwaje siku za mwisho, na mara nyingi humo ndo kuna jibu pekee lililobaki.

Nesi aliyekuwepo saa za mwisho akiweza kuandika mistari miwili ya mwisho, aandike. Alikuwa na nani, alitulia vipi.

## Kama hamkuandika na mgonjwa ameshatoka

Bado inawezekana, nusu yake. Kaeni na simu zenu. Meseji za grupu la WhatsApp zina tarehe na saa. Meseji za M-Pesa au Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa) zinaonyesha siku mliyolipia kipimo fulani au kununua dawa nje. Ujumbe wa sauti mliotumiana usiku ule bado upo. Karatasi ya kuruhusiwa ina tarehe ya kuingia na kutoka, na mkimwomba daktari wa kliniki atawatajia siku mpira uliwekwa na siku ulitolewa.

Chora kalenda ya siku hizo kwenye kaunta buku, kila siku nusu ukurasa, jazeni mnachokumbuka na muandike wazi kwamba mmeandika baadaye. Siku ambayo hakuna anayeikumbuka iacheni wazi, msitunge. Na zile meseji mzinakili sasa, kabla mtu hajabadilisha simu.